Swala Asiyesimama Mezani

Ukiletewa mnyama wa mbao umkague, usianze na macho. Macho yanadanganywa na chai na masizi, na nitawaambia nimejuaje. Mweke kichwani. Inama kidogo, kama mtu anayepalilia. Akikaa, huyo alichongwa na mtu anayeijua ngoma. Akikuvuta mbele mpaka shingo iume, huyo alichongwa kwa ajili ya rafu, basi mrudishe kwenye rafu.

Nawaandikia ninyi vijana wa parokia mnaonifuata baada ya misa na picha kwenye simu, "Mzee Zakaria, hii ni orijino?" Umri wa kuitwa mzee sijafika, nina miaka hamsini na minne. Ila kifua changu ni cha mtu wa themanini, kwa hiyo sikatai. Shule niliishia darasa la nne, tukakimbia Burundi, na yaliyobaki nimeyasomea kwenye mbao. Mkiona maneno hayakukaa sawa, someni hivyo hivyo.

Nilishika sanamu za wanyama kutoka Afrika Magharibi miaka kumi na saba hapa Houston, kwenye ghala moja upande wa Alief. Nilitoka na vitu viwili: mapafu yasiyoweza kupanda ngazi, na kosa la swala mmoja jike, mali ya mtu, ambaye nilisaidia aibwe. Mapafu hayarekebishiki. Swala alikuwa bado anaweza kurudi kwa mwenyewe, na nilitaka arudi kabla pumzi yangu haijaisha. Habari yenyewe ni hiyo. Mengine nitakayosema ni ya kazi, na yatawafaa.

Majina nitataja. Watu wananiambia, Zakaria, umeshaokoka na kifo, samehe, usitaje. Anayenishauri hivyo hajawahi kukohoa mpaka akakaa chini kwenye maegesho ya supamaketi. Mwenye ghala alikuwa Elkana Mutiso. Mkenya, nyumba Sugar Land, mzee wa kanisa, sauti laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto. Baba yake alichonga twiga wa kuuzia watalii, na yeye mwenyewe alikuwa na jicho, hilo sitamnyima. Aligundua kwamba twiga ananunuliwa na mtu aliyerudi safari, lakini swala mkuukuu wa Mali ananunuliwa na mtu mwenye sebule inayohitaji kujazwa.

Tulikuwa wafanyakazi wawili. Mimi wa kutengeneza: masikio yaliyovunjika, pembe, midomo ya hondohondo, meno ya mamba. Mwenzangu Ferdinand, Mkongomani wa Bukavu, alikuwa wa kuzeesha. Makontena yalikuja na wanyama wapya kabisa, mbao bado nyeupe ndani, na Ferdinand akimshika mmoja kwa wiki mbili, mnyama anatoka ana umri wa babu yako. Chai ya rangi iliyochemshwa na misumari ya kutu. Masizi na mafuta ya mawese. Rangi ya viatu. Mahali alipotaka mbao ionekane imeliwa na wakati, asidi ya betri.

"Yaya, kuzeesha mbao ni kama ule umri tuliosema kambini," aliniambia siku ya kwanza, yaani kaka, kwa kwao. "Ukishataja namba, unaishi nayo. Usibadilishe."

"Wewe ulitaja ngapi?"

"Mimi? Kwenye karatasi za Amerika mimi na mama yangu tumepishana miaka kumi na moja."

Alicheka mpaka kikohozi kikamkata. Wakati huo tulidhani ni kikohozi tu.

Mwezi wangu wa kwanza nilifanya kosa ambalo Ferdinand alilisimulia mpaka anaingia hospitali. Mutiso alinipa kichwa cha nyati cha ngoma, kikubwa, kimefunikwa na gamba jeusi lililopasukapasuka kama matope ya kiangazi. Akaniambia kitengeneze. Nikaona ni uchafu. Mimi kambini nilichonga tembo na vifaru vya kuuzia wazungu wa misaada, na mzungu wa misaada hanunui kitu kichafu. Nikachukua maji ya moto, sabuni ya vyombo na brashi, nikamsugua asubuhi nzima mpaka mbao ikang'aa. Nikampanga mezani kama bwana harusi.

Mutiso alipoingia hakupiga kelele. Alikaa kwenye boksi akashika kichwa. Ferdinand ndiye aliyesema: "Zakaria, umemwogesha kama mtoto wa ubatizo! Ulimpa na jina?"

Lile gamba ndilo lilikuwa thamani yake. Uji, mafuta na damu za kuku za miaka na miaka, watu walimmiminia kabla ya ngoma, tabaka juu ya tabaka. Mimi nilizipeleka zote kwenye mfereji wa Houston na sabuni ya ndimu. Kwa hiyo shikeni hili: usioshe kitu ambacho hujui kilichafuliwa na nani na kwa nini. Brashi kavu ya nywele laini, basi. Kama hujui hata hilo, acha.

Sasa nije kwenye vumbi. Ukipiga msasa mnyama aliyepakwa asidi na dawa ya wadudu, vumbi lake haliendi mbali, linakaa hewani hapo hapo mbele ya uso wako na linakusubiri. Ghala lilikuwa na barakoa labda mia tatu ukutani, za fisi, za nyati, za ndege, lakini ya kufunika pua ya mfanyakazi haikuwapo hata moja. Feni moja kubwa ya kutoa hewa ilikuwapo nyuma. Mutiso akaizima, akaondoa na fyuzi. Ilikuwa inapiga kelele wateja wakija, alisema, hawakuwa wanasikia maelezo yake. Miaka baadaye nilipomuuliza kuhusu feni, alinijibu kwa sauti ile ile laini, "Mlikuwa watu wazima, ndugu. Mngesema." Tulisema. Ferdinand alisema mara nne, kwa lugha tatu.

Mtu aliyenifundisha kazi kwa kweli hakuwa ameajiriwa pale. Anaitwa Mzee Bakary, Mmali, alikuwa anafua mashuka kwenye hoteli. Siku ya kwanza aliingia kuangalia tu. Mutiso akamkaribisha kwa soda, akitumaini atapata mtu wa kumsaidia kusema hiki ni cha kabila gani. Mzee Bakary hakugusa soda. Alimchukua swala mmoja kwenye rafu, akamweka kichwani, akainama, akamrudisha.

"Wa rafu," akasema.

Akachukua mwingine. "Wa rafu."

Wa tatu, wa nne, wa tano. Wateja wawili walikuwa wamesimama wanatazama, na Mutiso anatabasamu kwa meno tu. Kwenye wa sita mzee alikaa ameinama kwa muda, akageuza shingo kushoto na kulia.

"Huyu alifanya kazi," akasema. "Mmempata wapi?"

Kifaransa changu cha kambini na chake cha sokoni vilikutana katikati, tukaelewana. Alinieleza kwamba kwao yule swala wanamwita chiwara, mnyama aliyewafundisha watu kulima. Wanatoka wawili siku zote, dume na jike, jike amebeba mtoto mgongoni. Mchezaji anafunikwa na nyuzi za majani mpaka chini, sanamu imeshonewa kwenye kofia juu ya kichwa, na anaenda ameinama akishika vijiti viwili, ndiyo miguu ya mbele. Nyuma wanafuata wanawake wanaimba na kumpepea.

"Wanampepea kwa nini, mzee?"

"Ana joto. Wewe ukivaa nyasi ukacheza kwenye jua, hutaki kupepewa?"

Watu wa kwao wana shamba la bamia na karanga upande wa Pearland, eneo walilokodi kwa pamoja. Kila mwaka kabla ya kupanda, Jumamosi asubuhi, wanatoa swala zao mbili. Mzee Bakary alikuja nazo kutoka kwao, zimefungwa kwenye blanketi. Dume lilichongwa na mjomba wake, na jike lilichongwa na baba wa mjomba. Yeye ndiye anayecheza jike.

Mwaka mmoja yule jike alimponyoka mzee kwenye maegesho, akapata ufa sikioni. Mzee akamleta kwangu. Akamweka mezani kwa ubavu.

"Usimsimamishe," akaniambia. "Hasimami. Kitako chake kimekatwa kwa mshazari, kwa ajili ya mtu aliyeinama. Mezani ataanguka kinyumenyume. Kichwani ndipo anaposimama."

Nilijaribu mzee alipoondoka. Kweli, alikuwa anaegemea nyuma kama mtu anayekataa kupigwa picha.

Mutiso alimwona siku hiyo hiyo. Alimzunguka mara mbili bila kumgusa. Alikuwa na mteja Dallas, daktari wa meno, aliyekuwa akimtafutia jike aliyetumika kweli, siyo wa Ferdinand. Akaniita pembeni.

"Zaka," akasema, "mchongee dada yake. Mzee mwambie wiki sita."

Nilielewa. Msinitetee kwamba sikuelewa. Nilikuwa na watoto watatu na nyumba ya kupanga, na kila mtu mwenye kosa huwa na watoto watatu na nyumba ya kupanga. Nilimchonga. Vipimo nilichukua kwa uzi, kila tundu, kila mkwaruzo, hata ufa wa sikio niliuweka kisha nikauziba. Ferdinand akamzeesha. Ilikuwa kazi yake ya mwisho nzuri. Alikuwa anakaa kila baada ya dakika kumi na kutema kwenye kopo. Tulipowaweka pamoja, mimi mwenyewe ilibidi nimnuse kila mmoja ili niwatenganishe.

Lakini kuna kitu mkono wangu ulifanya bila kuniuliza. Ili niweze kuchonga pembe vizuri, nilikipiga randa kitako cha yule mpya kikawa sawa, akasimama mezani. Wiki tatu nilikuwa namtazama amesimama, na alinipendeza. Mimi ni mchongaji wa rafu. Nilichonga vifaru vya kusimama tangu nina miaka kumi na miwili. Haikunijia kabisa kwamba kusimama ndiko kosa.

Mzee Bakary akaja na blanketi lake. Mutiso mwenyewe alimletea swala kwa mikono miwili, akamweka mezani katikati yetu, akamwachia.

Akasimama.

Mzee alimtazama. Nje kuna lori lilikuwa linarudi nyuma likipiga king'ora, na sote tulisubiri linyamaze.

"Amejifunza kusimama," mzee akasema.

"Tumemtengeneza vizuri, mzee wetu," Mutiso akasema. "Zakaria ni fundi."

"Ndiyo. Zakaria ni fundi." Hakumtazama Mutiso hata mara moja. Alinitazama mimi. "Zakaria, huyu ni wangu?"

Nikasema, "Ni wako, mzee."

Akamfunga kwenye blanketi akaondoka. Hakubisha. Angebisha ningeweza kumkasirikia.

Ferdinand alikufa mwaka huo, kabla ya Krismasi. Mutiso alituma maua. Baadaye wateja wa makumbusho walikataa vitu vyenye harufu ya dawa, kwa hiyo ghala likanunua friza kubwa, tukaacha dawa kabisa. Unamfunga mnyama kwenye nailoni, unatoa hewa, unamgandisha wiki mbili, bungua na mayai yao wanakufa. Njia nzuri, itumieni. Ila ukimtoa, usimfungue siku hiyo. Mimi nilimfungua ndege mmoja mwezi wa nane, mlango wa ghala uko wazi, joto la Houston likamrukia, akatoa jasho kama mtu kisha akapasuka kutoka mdomoni mpaka kifuani. Mwache na nailoni yake siku nzima, baridi imtoke polepole. Basi, kwa wadudu ilipatikana njia salama. Feni haikurudishwa.

Mwaka uliofuata nilianguka mimi. Eksrei ilionyesha mapafu yamejaa makovu. Daktari akaniambia vumbi la mbao nisilisogelee tena, hata la kufagia. Mutiso aliniaga kwa kadi yenye picha ya machweo, ameandika Mungu akubariki. Muda si mrefu akafunga ghala. Sasa anauza nyumba Pearland, na uso wake uko kwenye bango karibu na barabara kubwa. Nikipita na mke wangu, yeye ndiye anayegeuza kichwa changu upande wa pili, kwa mkono.

Kwa Mzee Bakary sikwenda. Ningeenda kusema nini, na nikiwa mikono mitupu?

Ndipo siku moja simu ikaita. Yule daktari wa meno wa Dallas. Zamani kila boksi lililotoka nilikuwa natia kikaratasi cha utunzaji, na namba yangu chini. Nanyi fanyeni hivyo. Mbao iliyozoea hewa nzito ya Houston, ukiipandisha Dallas kwenye nyumba yenye hewa kavu ya mashine, inajikunja na kupasuka. Kikombe cha maji ndani ya kabati, kila wiki unaongeza. Yule daktari hakuweka kikombe. Jike lilikuwa limepasuka shingo.

Alikuwa anakuja Houston kuona wajukuu, akamleta. Mtu mpole, amestaafu. Akamtoa kwenye boksi.

"Na ukimaliza ufa," akaniambia, "mfanye asimame. Tangu nimnunue hajawahi kusimama. Nimemfunga kwa waya."

Nilijaribu kuwa mtu mwema. Nikamwambia, bwana, huyu swala ana mwenyewe, yuko hai, anaishi mji huu. Akanionyesha karatasi. Ilisema sanamu imetoka kwenye mkusanyiko wa familia moja ya Ulaya, na sahihi chini ni Elkana Mutiso. "Nina karatasi," akasema, kwa upole, kama anayemweleza mgonjwa kwamba jino halitaokoka. Mimi nilikuwa na karatasi? Sina. Nikamwambia arudi baada ya miezi mitatu.

Nikachonga dada wa pili.

Mke wangu Esperansi aliponikuta nyuma ya nyumba na tezo mkononi, alisimama mlangoni na nguo za kazi za hoteli hajazivua.

"Unataka kufa kwa ajili ya mbuzi wa mbao?"

"Ni swala."

"Mbuzi!"

"Esperansi, mwenyewe alinitazama machoni."

Binti yetu akajibu kutoka ndani, kwa Kiingereza, baba, ni mbao tu. Mke wangu akaingia ndani, nikadhani ameenda kumpigia daktari. Akarudi na ndoo ya maji, akaimwagia ile mbao yote. "Iwe inalowa basi," akasema. "Ikikauka naichoma."

Hivyo ndivyo tulivyofanya, naye alikuwa na akili kuliko ghala zima. Mbao mbichi iliyolowa haitoi vumbi. Maganda yake yanaanguka chini kama ngozi ya muhogo. Tezo na kisu tu, msasa hapana, na barakoa ya vumbi usoni. Nilipiga mara kumi, nikakaa. Mara kumi, nikakaa. Mwezi wa pili niliongezewa chupa ya oksijeni. Mara mbili niliacha, nikamwambia Mungu imetosha, na mara mbili nikamkuta mke wangu anaimwagia maji. Mbao mbichi hujikunja ikikauka, kwa hiyo nilimkausha ndani ya mfuko wa karatasi nikimfungulia kidogo kidogo. Kumzeesha nilifanya kama alivyonionyesha Ferdinand, isipokuwa asidi. Kitako nilikipiga randa, safari hii kwa makusudi.

Daktari wa meno alimchukua huyo mpya, akidhani ni wake. Wiki hiyo akapiga simu, sauti imechangamka. Amesimama peke yake, kwenye rafu ya katikati, hana waya, na ufa hauonekani hata kidogo. Nikamwambia aweke kikombe cha maji. Mkitaka kuniita mwizi, niiteni. Orodha ya wenye makosa ninayo na jina langu limo. Daktari naye akitaka kujua, ajifunze Kiswahili.

Mwezi wa nne, Jumamosi asubuhi, mke wangu alinipeleka shambani Pearland. Nilikuwa na swala jike mapajani, kwa ubavu. Mzee Bakary alikuwa chini ya turubai, tayari amevaa nyuzi mpaka kiunoni, na kando yake yuko yule wa kwangu, wa kwanza. Kitako chake kilikuwa kimekatwa kwa panga, mshazari, bila urembo. Ndani ya matundu uzi ulikuwa umeshaanza kula mbao. Jasho lilikuwa limempiga rangi ambayo Ferdinand asingeiweza.

Nilimweka swala wake mkekani. Hakusimama. Mzee akamshika kabla hajaanguka.

"Zakaria," akasema. "Huyu ni wangu?"

"Ni wako, mzee."

Alimweka kichwani, akainama. Alikaa hivyo muda mrefu, akageuza shingo kushoto na kulia. Kisha akamsalimia kwa Kibambara, maneno mengi, kama mtu aliyemkuta ndugu uwanja wa ndege.

"Na huyu mwingine mchomeni," nikamwambia. "Huyo ni uongo wangu."

"Nimchome? Amelima misimu mitatu." Akamwita kijana wa dada yake amvae. "Tuna dume mmoja na majike mawili sasa. Dume ndiye mwenye shida, si sisi."

Wanaume wakacheka, na mmoja akamwuliza yule wa dume kama ameongea na mke mkubwa. Kisha ngoma ikaanza na watatu wakatoka kwenye mstari wa kwanza wa bamia, wameinama, vijiti vinachimba udongo, pembe zinapanda na kushuka. Mimi sikuweza kufuata. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, chupa yangu pembeni. Wanawake walipita wanaimba na kuwapepea wanyama, na mama mmoja wa mwisho, mnene, mwenye pepeo la ukindu, alinitazama jinsi kifua changu kilivyokuwa kinapanda. Aliacha mstari, akasimama nyuma yangu, akaanza kunipepea mimi.

Sikumwambia aache.